Namna Mzee Alivyokuwa Akiketi

3 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Utashangaa kuona mwandiko usioujua. Mimi ni kitinda mimba wa kaka yako, yule uliyeniacha tumboni mwa Mama. Anwani yako nimeitoa nyuma ya kadi ya salamu iliyochomekwa kwenye kioo cha kabati la Baba. Kioo chenyewe hakionyeshi mtu tena, kadi zako zimekijaza chote.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Mwezi uliopita nilikuwa nikisafisha chumba cha nyuma, na chini ya magazeti nikakuta kopo bapa la bati. Ndani yake ulikuwamo mkanda wa filamu yenu ya katuni, "Mzee Mwenye Kiti". Nilikuwa nikiisikia tu, kama mtu anavyosikia habari za babu aliyekufa kabla hajazaliwa. Nikaupeleka kwa fundi anayehamisha mikanda ya zamani kwenye kompyuta. Baada ya saa moja akanipigia simu: "Dada, njoo uitazame mwenyewe. Mimi siwezi kufanya kazi huku nacheka." Tukaitazama tumesimama. Mzee amebeba kiti kichwani, anazunguka mji mzima akitafuta pa kukaa. Akikiweka mbele ya duka, mwenye duka anamfukuza na ufagio. Akikiweka bustanini, njiwa wanamuwahi. Kituo cha polisi ndiyo usiseme. Mwisho anafika kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, anakiweka kiti kizingitini, anaketi.

Lakini inarukaruka, Shangazi. Filamu hupitisha picha ishirini na nne kwa sekunde, na ninyi naona mlichora nane tu, kila moja mkaipiga mara tatu. Siku hizi kuna programu ya akili bandia: unaipa picha mbili zinazofuatana, inakisia kilichopo katikati, inachora yenyewe picha zinazokosekana. Sisi watu wa harusi tunaitumia bibi harusi akitembea, aonekane anaelea. Nimeipitishia filamu yenu yote. Mzee sasa anateleza kama maji. Nimeiweka kwenye flashi humu ndani ya bahasha.

Mwezi wa tano Baba anatimiza miaka sabini na mitano. Ule ukumbi mliokuwa mkiwaonyeshea watoto wa shule bado upo, nami nimeukodi. Nataka aione filamu yake ikiwa imenyooka. Yeye hajambo, ila siku hizi si msemaji.

Naomba baraka zako, kwa sababu mwishoni pameandikwa: "Picha kuu: kaka. Picha za kati: dada." Kaka namjua. Dada naambiwa ndiye wewe. Picha za kati sizijui ni nini.

Mwanao

*

21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili kabla ya kuvua koti.

Picha za kati ndiyo kazi hiyohiyo uliyoipa programu yako. Baba yako alichora mwanzo wa kila tendo na mwisho wake: mzee ameinua mguu, mzee ameukanyagisha. Mimi nikachora mguu unavyotoka huku kwenda kule. Yeye ndiye aliyesifiwa, na alistahili. Mtu wa picha za kati akifanya kazi vizuri hakuna anayejua kama yupo. Mwambie huyo mwenzangu wa kwenye kompyuta pole na kazi.

Kompyuta sina. Nimeitazamia maktaba ya mtaa, na mkutubi alinipa vipaza sauti vya masikioni ingawa filamu haina sauti. Sikutaka kumvunja moyo. Unataka baraka, lakini mimi ni mtu wa kazi, nitakupa kwanza masahihisho.

Mzee anapokivusha kiti mbele ya tumbo, vidole vyake vinayeyuka na kuingia ndani ya mguu wa kiti, kisha vinatokea upande wa pili. Programu haijui kidole kinaishia wapi na mti unaanzia wapi. Njiwa mmoja ana mabawa matatu kwa muda wa kupepesa jicho. Lakini koti la mzee kwenye upepo, hapo imenishinda, na nasema bila kinyongo. Koti lile lilinitesa. Baba yako alisema, "Dada, huo si upepo, huyo mtu anatetemeka homa." Sasa ni upepo.

Mwisho wa filamu ni jambo jingine. Mzee anapoketi anashuka kama mshumaa unaoyeyuka. Najua sababu. Pale pana picha mbili tu, amesimama na ameketi. Za kati hazipo. Zilikuwa zamu yangu, na niliondoka asubuhi moja kabla sijazichora, kwa haraka, kama walivyoondoka wengi mwaka ule. Kaka akaionyesha filamu hivyohivyo. Mtu mmoja aliyetoka huko baadaye alinihadithia: mzee amesimama, pa! ameketi, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba aliliacha pengo lile makusudi, ili kila mtu aone dada yake alipomtupa. Nilimwandikia barua nyingi, hakujibu hata moja, nami nikahamia kwenye kadi, kwa kuwa kadi haidai majibu. Kwa miaka mingi sikuwa na hati za kunirudisha. Sasa ninazo, zimelala kwenye droo na funguo. Ninachokosa ni kujua kama kaka yangu anataka kuniona.

Kwa hiyo kabla mashine haijanijazia pengo langu, mwonyeshe yeye. Kisha uniambie alisema nini. Usinipunguzie ukali wa maneno, nimeyazoea.

Shangazi yako

*

9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Habari ni njema!

Tuliitazama sebuleni Jumapili, yeye, Mama na mimi. Nilifunga mapazia. Mwanzoni alitulia tu, ameshika kipande chake cha penseli. Unamjua, hakiachi hata mezani. Njiwa walimfanya atabasamu. Lakini ulipofika mwisho, mzee anapoketi, Baba aliinuka mgongo na kuanza kugonga mkono wa kiti chake kwa ile penseli. Aligonga mpaka filamu ikaisha. Nikairudia, akagonga tena. Mara ya tatu aligonga kwa nguvu hadi ncha ikavunjika. Nadhani hayo ndiyo makofi yake. Basi usiwe na wasiwasi, Shangazi, pale mwisho ndipo palipomfurahisha kuliko pote.

Kuhusu kukutaka au kutokukutaka, hakusema neno. Nilikwambia si msemaji.

Vidole vya mzee nimeshavirekebisha, na njiwa nimemkata bawa. Una macho, Shangazi! Wageni wakija, Baba alikuwa akiwaambia, "Dada yangu anachora ng'ambo." Nitumie basi hata mchoro mmoja wa huko niutundike.

Mama ameniuliza naandika nini. Nikamwambia. Akasema, "Mwambie wifi yangu atoke nyuma ya hizo kadi, zimeniharibia kioo. Nachana nywele kwa kubahatisha."

Mwanao

*

20 Machi

Mwanangu,

Kaka hapigi makofi. Hakumpigia makofi mtu yeyote maisha yake yote, hata siku ya harusi yake alisimama mikono mfukoni. Muulize wifi.

Aligongaje? Sikiliza, nikueleze, maana inaonekana katika nyumba hiyo hakuna aliyewahi kuelezwa.

Ukichora picha za kati lazima ujue ni ngapi, na wapi uzibananishe na wapi uziachanishe. Ukibananisha, mtu anakwenda polepole. Ukiachanisha, anakwenda mbio. Wachoraji wengine humwandikia mwenzao pembeni mwa karatasi. Kaka hakuandika kamwe. Alinisukumia picha zake mbili, akagonga meza kwa penseli. Kila pigo ni picha moja. Akinyamaza, picha isimame hapo hadi agonge tena. Nikamwambia, "Andika basi, nitasahau!" Akanijibu, "Masikio umepewa ya kutundikia hereni?" Tulifanya kazi hivyo miaka yote. Jirani wa ukuta wa pili alidhani tuna duka la viatu.

Hakuwa akifurahi, mwanangu. Alikuwa akisahihisha.

Sasa nijibu hili, na unijibu kama mtu mzima mwenzangu. Kaka ninayemjua angekwisha kupiga kelele, "Nani kamyeyusha mzee wangu?" Kwa nini agonge badala ya kusema? Umeniandikia mara mbili kwamba si msemaji. Mtu aliyekuwa akigombana na redio. Hiyo "si msemaji" yako maana yake nini?

Shangazi

*

2 Aprili

Shangazi,

Nisamehe. Mama ndiye aliyesema habari ile haiandikwi, husemwa ana kwa ana. Lakini ana kwa ana na wewe ni lini?

Baba alipatwa na kiharusi mwaka juzi. Upande wa kulia umelala, na maneno yamekwenda nao. Anaelewa kila kitu. Ukimwekea chumvi nyingi anakutazama hadi uondoe sahani. Ila kinywa hakitoi ila sauti moja, na hiyo huitoa kwa hasira. Penseli huishika kwa mkono wa kushoto. Amekuwa akigonga tangu arudi kutoka hospitali, na anayemfanyisha mazoezi ya viungo alituambia ni mishipa tu, tusiitilie maanani. Tukamwamini. Mama alikuwa akiichukua penseli akitaka kulala mchana.

Nilipomsomea barua yako Mama, aliweka chini kitambaa alichokuwa akishona. Akaenda akamrudishia penseli zake zote, hata zile za rangi.

Nimerekodi. Nimemwonyesha ule mwisho mara nne, simu nimeilaza juu ya mkono wa kiti. Mara zote nne ni vilevile, Shangazi, kama wimbo. Sauti iko kwenye flashi hii. Mimi nimeisikiliza hadi naota, na siioni ndani yake ila mtu anayegonga mbao.

Na kuna kitu Mama amenihadithia, sijui kwa nini hakuna aliyewahi kukwambia. Ulipoondoka alikuja kijana mmoja wa chuo cha sanaa, hodari, akajitolea kuumalizia ule mwisho bila malipo. Baba akakataa. Kijana akasema, "Lakini mzee, watu watacheka." Baba akamjibu, "Wacheke. Hiyo kazi ina mwenyewe." Mama anasema barua zako zote alizisoma mezani kwa sauti. Kujibu ndiko kulikomshinda. "Mwambie wifi," anasema, "hata mimi alinichumbia kwa michoro. Barua ya huyu bwana sijawahi kuiona."

Mwanao

*

19 Aprili

Mwanangu,

Sikuandika mara moja, na utajua sababu.

Nilikaa maktaba nikiwa na vile vipaza sauti, safari hii vikiwa na kazi. Niliposikia pigo la kwanza nilijikuta natafuta penseli. Nikaanza kugonga naye. Mkutubi akaja akanigusa bega: "Mama, tafadhali, kuna watu wanasoma." Nikamwambia, "Hata mimi nasoma."

Ni hivi. Mapigo matatu ya polepole. Kimya kirefu. Pigo moja. Halafu matatu ya harakaharaka, yamefuatana. Kwako ni mtu anayegonga mbao. Kwangu ni baba yetu anaketi.

Babu yako hukumkuta. Alikuwa na goti bovu, na kiti kimoja cha mbao chenye mikono, ambacho ndicho kile cha kwenye filamu. Siku moja Kaka alikiazima kiti hicho bila kusema, akasimamishie taa ya kupigia picha za michoro yetu. Mzee akarudi kutoka kazini, amechoka, akageuza mgongo palepale alipozoea, akaketi. Hapakuwa na kitu. Tulisikia kishindo hadi chumba cha nyuma. Tukaja mbio, tukamkuta amekaa sakafuni, kofia bado iko kichwani. Hakugomba. Alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Basi nileteeni chai hapahapa."

Tangu siku hiyo hakuketi tena bila kuhakikisha. Alianza kushuka, polepole kwa ajili ya goti. Katikati akasimama, amejikunja vile, akageuza shingo kutazama kama kiti bado kipo. Kikiwepo, alikipa ishara ndogo ya kichwa, kama unavyomwitikia jirani. Kisha akajiachia, puu! Alifanya hivyo hadi mwisho wa maisha yake, hata kwa watu, hata msibani. Filamu yote ilitokana na hapo. Mtu anayezunguka mji mzima na kiti chake mwenyewe ni mtu asiyetaka kuazimiwa tena.

Kile kimya kirefu ndicho kugeuka kwake. Programu yako haina kosa. Iliona mtu amesimama, ikaona mtu ameketi, ikachukua njia ya mkato. Ingemjuaje baba yetu? Hata yule kijana wa chuo asingemjua. Tumebaki wawili tunaojua, na mmoja hawezi kusema.

Sasa la pili. Sichori, mwanangu. Ng'ambo hii sikuchora kitu. Nilipiga pasi mashuka ya hoteli hadi nilipostaafu, kwa hiyo habari za kunyoosha vitu nazijua kukuzidi. Kaka aliwaambia wageni alichopenda kuamini, na sikuwa na moyo wa kumsahihisha kwenye kadi. Mikono yangu siku hizi inatetemeka. Nilinunua karatasi, nikaharibu nyingi. Nilimchora mzee akaonekana anatetemeka pia. Nikakasirika, nikachana, nikaanza upya. Kisha nikakumbuka goti. Mtu mwenye goti bovu akishuka, hutetemeka. Zamani mstari wangu ulikuwa umenyooka mno kwa kazi hii.

Picha ziko humu, zimefungwa kwa kadibodi. Nimeziandika namba. Ya tatu ndiyo ya kugeuka. Ishikilie hadi uone aibu, kisha uishikilie kidogo tena. Hapo usiitie programu hata kidogo, acha penseli iruke. Kwingine kote iache iendelee na kazi, hasa lile koti.

Baraka zangu unazo.

Shangazi yako

*

12 Mei

Shangazi,

Ukumbi ulijaa. Viti vya mbele tuliwapa watoto wa shule iliyo jirani, na Baba tukamweka katikati yao na kiti chake cha magurudumu. Mama alimvalisha koti. Aliniambia, "Leo usimguse penseli yake."

Filamu ikaenda. Walicheka kwa ufagio, wakacheka kwa njiwa. Koti lilipopeperuka mtoto mmoja alisema "lo!" kwa sauti. Mimi sikuitazama filamu, nilimtazama Baba. Mzee alipofika mlangoni na kukiweka kiti, penseli ikaanza: moja, mbili, tatu. Picha zako zilikuwa zinashuka naye, sawasawa. Halafu mzee akasimama katikati, na penseli ya Baba ikasimama hewani.

Nilipohariri nilikuwa nimeishikilia kama ulivyosema. Niliona aibu. Nikashikilia tena. Sasa ukumbi wote ulinyoosha shingo, hadi msichana mmoja wa mbele akasema, "Anaangalia kama kipo!"

Mzee akakipa kiti ishara ya kichwa. Pigo moja. Kisha puu, akajiachia, na penseli ikamfuata hadi chini. Watu walicheka, lakini si kile kicheko ulichohadithiwa. Baba alitoa ile sauti yake moja, na kwa mara ya kwanza haikuwa ya hasira. Akaingiza penseli kwenye mfuko wa shati. Njia nzima ya kurudi hakugonga.

Nilidhani yamekwisha. Asubuhi yake alimvuta Mama gauni akimwonyesha karatasi. Akachora kwa mkono wa kushoto, ulimi nje kama mtoto, hadi saa ya chakula. Picha mbili. Ya kwanza ni mlango wetu, uko wazi, na kando yake kiti kitupu. Ya pili ni mlango uleule na kiti kilekile, na mwanamke ameketi, begi juu ya magoti. Sura hakuiweza, lakini kavaa hereni.

Kisha akanisukumia zote mbili, akaanza kugonga. Akagonga, Shangazi. Nilikimbia kuchukua simu. Mama aliacha chungu jikoni, chakula kikaungua, na hakuna aliyelalamika.

Picha na sauti vimo humu. Programu nimeifunga. Nimefanya sawa?

Mwanao

*

30 Mei

Mwanangu,

Umefanya sawa. Programu ingenifikisha kwa nusu sekunde, na kidole kimoja kingebaki ndani ya begi.

Nimemsikiliza Kaka hadi mwisho. Ni mapigo mengi, ya polepole, ya mtu mwenye safari ndefu na magoti ya urithi. Karibu na mwisho kuna kimya. Mkutubi alidhani sauti imekatika, akataka kunisaidia. Nikamwambia asiguse.

Hati nimezitoa kwenye droo, tiketi nimeshaikata. Mwambie Kaka picha za kati za safari hii sitazichora. Nakuja kuzitembea mwenyewe, zote, bila kuruka hata moja. Wifi namletea kioo.

Kile kiti wekeni mlangoni, na mtu asikiazime. Lakini msinikasirikie nikifika. Nitashuka nusu, kisha nitageuka kutazama kwanza.

Shangazi yako